Kikopo Kisicho na Betri

Kijijini, karibu na Mkata
Jumapili, jioni

Mwanangu Yohana,

Niwie radhi kwa kukuandikia barua ilhali tunaishi chini ya paa moja, na ukuta unaotutenganisha ni wa fito na udongo, hata kikohozi changu unakisikia. Walimu wangu wa misheni walitufundisha kwamba neno zito liandikwe kwanza kabla ya kutamkwa, ili mwenye neno apate nafasi ya kulifuta. Nimefuta mengi tangu mchana. Haya yaliyobaki ni yale niliyoshindwa kuyafuta.

Umekwenda Kwamsisi kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyoijua njia ile na ile baiskeli, nina saa mbili tatu za kuandika kabla hujarudi. Basi la Tanga litapita barabarani kesho asubuhi. Sitakueleza habari za kufunga sanduku, wala chandarua, wala maji ya kuchemsha. Hayo marehemu mama yako alikufundisha vizuri kuliko nitakavyoweza mimi.

Kwanza nikiri kwamba najua. Uliniambia unakwenda Tanga kujifunza useremala. Alhamisi nilipopeleka mihogo barabarani, utingo wa basi aliniita akiwa bado ananing'inia mlangoni: "Shikamoo mzee! Kumbe kijana kapata bendi! Anakwenda kwa Maganga, tena na lile besi lake jeusi. Hongera sana!" Nikamjibu, "Marahaba, ahsante mwanangu," kama mtu aliyekuwa na habari hiyo siku zote, nikainama kupanga mihogo iliyokuwa imekwisha kupangwa. Wauza machungwa walikuwa wakitabasamu. Niligundua kwamba kituo kizima kilijua mahali mwanangu anakokwenda, isipokuwa mimi.

Sikukukaripia uliporudi jioni ile. Nakuomba radhi kwa kulijua jambo ambalo ulitaka nisilijue. Lakini iliniuma, Yohana, na singekuwa mkweli kama ningeandika vinginevyo. Ungeweza kwenda kwa mpiga muziki yeyote katika nchi hii. Ukamchagua huyo.

Jina la Maganga umelisikia humu ndani tangu sauti yako haijavunjika, na kila nilipolitaja nililifuatisha na neno moja: mwizi. Nimekulea ukiamini kwamba yako mambo mawili tu ya kujua juu yake, kwamba alikuwa rafiki yangu na kwamba aliniibia. Yote mawili ni kweli. Lipo la tatu, na hilo ndilo linalonifanya niitumie vibaya karatasi hii nzuri.

Wakati huo wewe ulikuwa bwenini, nami nilikuwa fundi wa redio pale Korogwe, si mbali na stesheni. Misheni walikuwa wamenifundisha kutengeneza kinanda cha kanisa, na redio nikajifunza mwenyewe kwa kuzifungua na kuzijutia. Maganga alipiga besi katika bendi ya shamba la mkonge. Yeye ni Mnyamwezi. Baba yake alikuja huku kukata mkonge, akazikwa huku. Na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu zama za misafara ya miguu. Mtani anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, anaweza kukutukania pua na ukoo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Kila asubuhi alisimama mlangoni pa karakana yangu. "We Mzigua, hujafa tu?"

"Nangoja nikuzike wewe kwanza. Jeneza lako nimeshalipima, fupi kama la mbuzi."

"Utanizikaje na wewe hata shimo la choo hulimalizi?"

Ndipo aingie, aketi, anywe chai yangu. Nilikuwa mtu wa adabu nyingi na marafiki wachache. Nadhani sikupata kumweleza kwamba asubuhi asizokuja, siku yangu ilichelewa kuanza.

Siku moja alikuja na ombi. Alikuwa amesikia katika santuri fulani gitaa la besi lililokoroma badala ya kuimba. "Mtani, nataka langu likorome namna hiyo. Kama babu aliyeshiba ugali." Nikamweleza kwamba mashine za namna hiyo huhitaji betri, na betri zilikuwa adimu madukani, hata wenye redio walikuwa wakizianika juani ili zipate pumzi ya mwisho. Akasema, "Basi tengeneza isiyokula."

Nikatengeneza isiyokula. Nilichukua kopo tupu la rangi ya viatu, nikatia ndani yake dayodi mbili, vile vipande vidogo vya umeme, nilizozitoa katika redio zilizokufa, nikaweka tundu la waya wa kuingia, tundu la waya wa kutoka, na swichi ya kukanyaga kwa mguu. Basi. Betri hakuna. Ili uelewe yaliyofuata, fikiria mlango mfupi wa nyumba ya kizamani. Mtu mrefu akipita kwa haraka hugonga kichwa, na huko kugonga ndiko kukoroma. Mtu mfupi hupita chini bila kuguswa. Kikopo changu kilikuwa mlango huo. Hakikuwa na nguvu yake mwenyewe. Kilikata vichwa vya sauti zilizokuwa ndefu tu, yaani zenye nguvu, na kwa zote kilitoza ushuru kidogo, kwa maana kilizipunguza.

Tulikijaribu siku ya Jumamosi katika klabu ya shamba. Kulikuwa na magitaa mawili ya besi. Jekundu lilikuwa la kiwandani, zuri kama bibi harusi, lakini sumaku zake zilikuwa zimechoka na sauti yake ilikuwa fupi. Jeusi ni hili unalolijua, nililolichonga mwenyewe kwa mninga na kulizungushia waya kwa mkono juu ya sumaku za spika iliyopasuka. Lina sura ya jeneza, lakini sauti yake ni ndefu. Amplifaya nazo zilikuwa mbili, moja kuukuu ya valvu iliyochukua muda kupata moto, nyingine ndogo ya transista.

"Ni majaribio manne," nilimwambia Maganga nikifungua daftari langu. "Kila gitaa katika kila amplifaya. Na kila jaribio mara mbili, kikopo kikiwa kimekanyagwa na kikiwa hakijakanyagwa."

"Mzigua bwana! Hata kuoga unaandika kwanza?"

"Wewe ungeandika, ungekumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini."

Tukaanza na jeusi katika amplifaya ya valvu. Maganga akapiga uzi mnene kabisa, sauti ikatoka safi. Akakanyaga kikopo. Yohana, nimeishi miaka mingi na nimesikia vitu vichache vilivyonifurahisha kiasi kile. Vumbi lilidondoka darini. Mpishi wa klabu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akauliza, "Nani kawasha mitambo ya mkonge Jumamosi?" Maganga alipiga kelele, akanikumbatia, akanibusu kipara, kisha akatoka mbio kuwaita wenzake kambini.

Matatu yaliyobaki niliyafanya peke yangu. Jeusi katika transista: lilikoroma, kwa ukavu kidogo, lakini lilikoroma. Jekundu katika valvu: lilikwaruza tu, kama mtu anayesafisha koo. Jekundu katika transista: hakuna. Sauti ilinywea, kama mtu anayezungumza amejiziba mdomo kwa kanga. Niliyaandika yote, na mbele ya lile la nne niliandika neno moja, *bure*. Wenzake walipofika hawakutaka kusikia habari za daftari. Walitaka jeusi na valvu, na vumbi lidondoke tena.

Siku chache baadaye alikuja mgeni kutoka mkoani, mtu wa mambo ya ngoma na muziki, mwenye asili ya mbali, asiyekuwa mtani wa yeyote kati yetu. Akasikia besi, akashangaa, akauliza, "Ndugu zangu, chombo hiki ametengeneza nani?"

Maganga akajibu upesi: "Mimi, Ndugu. Huyu Mzigua alinishikia taa tu, na hata taa yenyewe aliishika upande."

Bendi nzima ikacheka. Nami nikajibu kama desturi inavyotaka: "Kweli, Ndugu. Nilimshikia taa ili asije akazila zile waya."

Wakacheka zaidi. Mgeni naye akatabasamu, akatoa kalamu, akaandika. Nilimwona akiandika. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, na kinywa changu kilikuwa kizima. Lakini kumkatiza mgeni si adabu, na kulivunja cheko la mtani ni aibu. Nikajiambia kwamba Maganga atamsahihisha akishamaliza kucheka. Hakumsahihisha.

Baada ya majuma mawili ikaja barua. Ndugu Maganga, mbunifu, aende Tanga akakionyeshe chombo chake mbele ya watu, na kikipendeza atapewa kusimamia karakana ya vyombo vya muziki huko. Nilimfuata. Alikuwa ameketi nje ya chumba chake akibadilisha nyuzi.

"Mtani," nikamwambia, "ule utani umefika mbali."

"Utani hauna kurudi nyuma. Ulicheka mwenyewe."

"Nilicheka kwa kuwa nilikuwa nikicheka na wewe."

"Basi cheka tena."

Hakuinua macho. Katika miaka yote ya kutukanana, hakuwahi kunitukana bila kunitazama. Hapo nikajua kwamba utani umekwisha, na kilichobaki ni mtu mmoja aliyechukua kitu cha mwenziwe. Nilimwandikia kiongozi wa bendi barua ya heshima, ukurasa mzima. Akaniita, akanirudishia mkononi. "Mzee Barnaba, sote tulikusikia ukikubali. Nani ataamini kwamba Mzigua amelia kwa sababu ya mtani wake? Watakucheka."

Mpaka hapo ni hadithi unayoijua. Mimi ndiye niliyekuwa nikiikatia hapo.

Siku ya safari, kabla ya saa nane mchana, Maganga alisimama mlangoni pa karakana. Hakuuliza kama nimekufa. Alisema, "Mtani, gari linaondoka sasa hivi. Amplifaya za huko nimeambiwa ni mpya, za transista. Nichukue gitaa lipi, jekundu au jeusi?"

Daftari lilikuwa mezani, chini ya kiwiko changu. Nililijua jibu bila kulifungua.

Nimelitafakari swali lile kwa miaka. Mtu aliyekitengeneza kikopo asingekuwa na haja ya kuniuliza. Kwa kuja pale na kusimama vile, mikono imekosa mahali pa kukaa, alikuwa amekwisha kukiri. Hakuwa na namna nyingine ya kukiri. Ningekuwa na masikio siku ile, ningesikia ombi la radhi. Lakini nilikuwa nikisikiliza kidonda changu, nacho kilikuwa na sauti ndefu.

Nikamwambia, "Chukua jekundu, mtani. Litapendeza na sare zenu."

"Ahsante, Mzigua," akasema. Akanipiga bega, akaenda.

Sikuwepo Tanga. Mpiga ngoma alinisimulia waliporudi. Ukumbi ulijaa, Maganga akatangazwa, akakanyaga kikopo, na badala ya kukoroma besi ikanywea. Akakanyaga tena. Watu wakadhani umeme umepungua. Mara ya tatu alikanyaga kwa nguvu, kiatu kikamvuka, na mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mpeni uji, ana njaa huyo!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Yule mgeni wa mkoani alifunga kalamu yake. Maganga aliokota kiatu, akashuka jukwaani, na bendi ikarudi Korogwe bila yeye.

Ningependa kukuandikia kwamba nilihuzunika. Nilisikia utamu, Yohana. Ulidumu kama siku mbili.

Usiku wa tatu, tukiwa mezani, mama yako aliniuliza, "Baba Yohana, siku ile alipokuja kukuuliza, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia achukue lililo zuri."

"Zuri kwa macho au kwa masikio?"

Akaondoa sahani yangu, nilikuwa sijamaliza. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki, lakini kila niliposema "yule mwizi" mbele ya wageni, aliinuka na kwenda nje. Wewe ulidhani anaona uchungu kwa ajili yangu. Nami nilikuacha udhani hivyo.

Tulipohamia huku wakati wa kuanzisha kijiji, nilifunga karakana nikashika jembe kama wenzangu, na nilijiambia kwamba mambo ya Korogwe yamebaki Korogwe. Kisha mama yako akafa. Nilituma habari Tanga kwa utingo, nikamwagiza amtafute Maganga mwenyewe, si mtu mwingine. Desturi unaijua: mtani ndiye anayelala kando ya kaburi na kukataa lisifukiwe mpaka apewe kitu, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kuigiza mwendo wake mpaka waliao wacheke bila kutaka. Mama yako alikuwa ameniambia katika ugonjwa wake, "Maganga akija, mpe jembe langu. Atasema ni dogo kama mkono wangu."

Ulikuwepo siku ile. Uliniuliza kwa nini natazama barabara. Mchungaji alinijia mara mbili, akanong'ona kama tuanze, na mara mbili nikamwomba radhi na kumsihi angoje kidogo. Mabasi mawili yalipita. Maganga hakuja. Tukamzika mama yako kwa ukimya, watu wakisifu utulivu wetu, nami nikajua maana ya kuachwa. Kikopo alikichukua mbele ya bendi nzima; siku ile alininyima kitu ambacho hakuna mtu mwingine chini ya jua aliyeweza kunipa. Huo ndio usaliti ninaolala nao. Kikopo ningetengeneza kingine.

Ndiyo, najua. Mtu aliyetumwa jukwaani akiwa na gitaa jekundu ana haki ya kutokuja. Nayajua yote mawili kwa pamoja, na hakuna moja linalomeza jingine.

Nirudi kwako. Tangu Alhamisi nimekuwa nikikuita msaliti moyoni mwangu, huku nikikukaribisha chai. Leo asubuhi kanisani nilijiuliza ungeniambiaje. Nililifanya jina la mtu mmoja lisitamkike katika nyumba hii isipokuwa kwa namna yangu. Ulitaka kupiga besi, na mpigaji aliye hodari kuliko wote wanaowajua utingo na kituo kizima ni yeye. Ukanyamaza, ukachagua neno lililo salama, useremala, likapendeza kwa baba. Najua mahali ulikojifunza kumpa mtu jibu linalopendeza badala ya lililo kweli. Unisamehe. Uongo wako bado unaniuma, lakini nimeutambua sura, ni mjukuu wangu.

Sikuambii usimwamini mtu. Nimejaribu maisha hayo na ni baridi. Wala sikuambii umwamini Maganga. Huenda atachukua kitu chako, kisha akacheka. Kama siku moja mtu atakuchekea jambo na ndani ukaona haikuwa mzaha, mwambie pale pale, hata kama mgeni ameshika kalamu, hata kama utaonekana huna adabu. Mimi adabu yangu ilinisaidia mahali pengi. Pale haikunisaidia.

Sijui kama nimemsamehe. Nikiulizwa kwa kiapo, nitasema bado. Nimejaribu tangu mchana kubuni tusi moja zuri la kumpelekea, kama zamani, juu ya jeneza lake fupi au miguu yake, ili ajue kwamba mlango uko wazi. Nimeandika matatu nikayafuta yote. Hayachekeshi. Kwa mtani hiyo ni habari mbaya kuliko chuki, naye ataielewa.

Basi nifanye lile niwezalo. Ndani ya mfuko wa gitaa lako nimetia lile daftari. Ukurasa wa jaribio la nne nimeukunja pembe. Mpe alisome mwenyewe, aone tarehe, ajue kwamba nilikuwa ninajua. Usimweleze wala usinitetee. Na jembe la mama yako bado liko nyuma ya mlango. Hakuna mtu aliyelimia. Siku akitaka kupita barabara hii, liko.

Nasikia kengele ya baiskeli huko chini kwa jirani, huenda ni wewe, kwa hiyo nitaikunja barua hii na kuiweka juu ya sanduku lako. Hatuna haja ya kuizungumza kesho. Nitakubebea gitaa mpaka barabarani, kama utaniruhusu.

Jambo moja tu ninakuagiza. Atakapokuuliza, na atauliza, ni gitaa lipi baba yako alisema ulichukue, mjibu pale pale, bila kutabasamu: jeusi. Mwambie hata siku ile, lilikuwa jeusi.

Ni mimi baba yako, niliyekuchelewesha kuyajua haya,
Barnaba